Uso ulivyopooza kwenye mimba ya wiki 34: kisa cha wifi yangu hapa Tanga na ile kauli ya "itarudi yenyewe"

Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake mwenyewe. Jina sitaji, nitasema tu anaishi Makorora, na Makorora ni kubwa. Mimi ni mkunga, kazi yangu iko Muheza, yeye ni mke wa kaka yangu, mwalimu wa chekechea, na hii ilikuwa mimba yake ya kwanza. Nimeamua nikiandike chote toka kilipoanza mpaka hapa kilipofika kwa sababu kila hatua palikuwa na mtu anamwambia "itarudi yenyewe" na mmoja wa hao watu ni mimi.

Ilikuwa mwezi wa sita, kusi linavuma kisawasawa. Alhamisi mchana akaanza kulalamika maumivu nyuma ya sikio la kushoto, akadhani ni sikio tu. Jioni akawaambia watoto wa jirani wapunguze redio, wakashangaa maana redio ilikuwa chini kabisa, kumbe kwake ilikuwa inapiga kelele upande mmoja. Usiku akala wali na samaki wa nazi akasema mchuzi hauna chumvi, akaongeza, akaongeza tena, mama (mama yangu mimi, yeye ni mavyaa wake) akaonja akasema mwanangu hii imeshakuwa maji ya bahari. Hayo mambo matatu, sikio, kelele na ladha, siku ile hakuna aliyeyaweka pamoja.

Ijumaa saa 11 alfajiri kaamka kutia udhu. Anasukutua maji, yanamwagika yote upande wa kushoto. Akajaribu tena, yakamwagika. Akaenda kwenye kioo akaona mdomo umeenda kulia, shavu la kushoto limelegea, jicho la kushoto halifungi. Aliniambia baadae kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni mtoto, akashika tumbo mpaka alipocheza ndo akapiga kelele ya kumuita kaka.

Kaka alinipigia saa 12. Nilikuwa ndo natoka zamu ya usiku, kichwa kimejaa, nikamsikiliza, nikauliza mkono unafanya kazi, mguu je, anaongea vizuri, akasema ndio ila maneno yanatoka kama mtu katoka kung'olewa jino. Nikasema basi hiyo siyo kiharusi, ni mshipa wa uso, msiogope, huwa inarudi yenyewe, mpelekeni hapo karibu wamuangalie na mimi nakuja Jumapili. Kwenye hayo maneno nilikosea pawili. Sikusema waende hospitali siku ileile, na sikusema kitu kuhusu jicho. Mtu wa familia akikwambia "msiogope" na yeye ni mkunga, watu wanakaa, na kweli walikaa.

Zahanati ya karibu walienda asubuhi hiyohiyo. Palikuwa na foleni ndefu, mhudumu akamwangalia akasema haya ni mambo ya ujauzito, ukijifungua itaondoka. Presha hakupimwa, eti siku yake ya kliniki bado. Akarudi nyumbani na panadol.

Sasa nyumbani. Naomba nielewane na wasomaji hapa, mi siandiki kumdhalilisha mtu, mama yangu namheshimu na alifanya kila kitu kwa mapenzi. Yeye alisema ni upepo, kwa sababu mwali alilala barazani siku mbili zile kusi likivuma, na ukweli ni kwamba pwani yote hii ukisema uso umepinda mtu wa kwanza atakwambia upepo. Kaka moyoni bado alikuwa na kiharusi maana baba yetu mdogo ndivyo alivyoanza. Jirani wa mkono wa pili akasema ni jini. Na jirani alikuwa na ushahidi wake, usiku wa Ijumaa alikuja kumjulia hali akamkuta kalala, jicho la kulia limefumba, la kushoto liko wazi nusu na ndani ni jeupe tupu, mboni haionekani. Ukimuona mjamzito kalala hivyo kwenye mwanga wa taa ya kandili umeme umekatika, na wewe ungesema jini.

Kumbe lile jeupe ni kitu tunacho karibu wote. Ukifumba macho mboni inapanda juu, kope linafunika kwahiyo hakuna anayeona. Kwake kope halikushuka, ndo ikaonekana. Tena ile mboni kupanda ni kinga, inakificha kioo cha mbele cha jicho kisikauke chote. Nilipomueleza mama hili Jumapili, nikamwambia afumbe macho nikainua kope lake taratibu, kaka akaona mboni imepanda, ndo nyumba nzima ikatulia. Nadhani ni dakika moja iliyofanya kazi kuliko maelezo yangu yote ya kisomi.

Jumamosi akanyweshwa kombe, shehe aliandika aya kwa zafarani akazimua kwa maji ya waridi. Halikumdhuru na yeye mwenyewe anasema lilimpa utulivu. Akaja mkandaji akauvuta mdomo kwa nguvu kuurudisha kushoto, hiyo iliuma na haikusaidia. Pakatoka wazo la kuchanja chale nyuma ya sikio, hapo kaka akakataa, na namshukuru. Halafu kuna mama mmoja anayenyonyesha akaja kumkamulia maziwa ndani ya jicho kwa sababu lilikuwa jekundu. Kwa hiyo hesabu ya Jumamosi usiku ilikuwa hivi, jicho lina saa 43 halijafumba, upepo na vumbi vinaingia, na watu wote wanaangalia mdomo.

Jumapili nilifika saa 9 alasiri. Nikamwambia wifi nyanyua nyusi kama umeshangaa. Nyusi ya kulia ikapanda na mikunjo ikaja kwenye paji la uso, ya kushoto kimya, paji laini kama limepigwa pasi. Hapa ndo penye tofauti ambayo kila mtu wa nyumbani anaweza kuijua. Paji la uso linapata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwahiyo kiharusi kikipiga upande mmoja mdomo unaenda upande lakini paji kwa kawaida bado linakunja. Uso ukilala wote kuanzia paji mpaka kidevu, mara nyingi tatizo liko kwenye mshipa wenyewe wa fahamu ulioshatoka kwenye ubongo. Ila kipimo hiki kisimfanye mtu abaki nyumbani. Mjamzito anaweza kupata kiharusi pia, na mkono ukilegea, maneno yakipotea au kichwa kikipasuka ghafla, hiyo ni hospitali dakika ileile, habari za nyusi ziishie hapo.

Mshipa wenyewe ni wa saba kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo. Unapita kwenye tundu jembamba sana la mfupa nyuma ya sikio kabla ya kufika usoni, na ukivimba mle ndani hauna pa kutanukia, unajibana. Ndani ya njia hiyohiyo mna uzi wa ladha ya sehemu ya mbele ya ulimi, na mwingine unaoenda kwenye kimsuli cha sikio kinachopunguza kelele. Kwahiyo sikio kuuma, redio kupiga kelele na mchuzi kukosa chumvi siku ya Alhamisi vilikuwa ni kitu kimoja kinatoa taarifa kabla mdomo haujapinda. Vitabu vinauita ugonjwa huu kwa jina la Charles Bell, daktari wa Scotland aliyeueleza huu mshipa mwaka 1821.

Kwa nini kwenye mimba? Jibu kamili la mstari mmoja halipo. Mwili wa mjamzito unatunza maji mengi hasa miezi mitatu ya mwisho, kinga inabadilika, na virusi vya hepesi, vile vinavyoleta vidonda vya homa mdomoni, vinashukiwa kuamka kwenye mshipa. Kwa watu wa kawaida inawapata kama 15 mpaka 40 katika kila 100,000 kwa mwaka, kwa wajawazito namba inayotajwa sana ni 45, na wengi inawakuta mwishoni mwa mimba au siku za mwanzo baada ya kujifungua. Kusi halipo kwenye orodha. Lakini nilimwambia mama upepo wako una kesi nyingine ya kujibu, kwa sababu haukuupinda uso ila unalikausha jicho lisilofumba, kwahiyo mwali asilale barazani.

Saa 11 jioni tulikuwa hospitali kubwa. Daktari wa zamu alikuwa kijana, na alifanya mambo ambayo ningetamani kila mtu ayafanye. Alichungulia masikio yote mawili kutafuta malengelenge, maana mkanda wa jeshi ukikaa sikioni unapoozesha uso na matibabu yake ni mengine. Akapima presha ikawa 136 kwa 86, mkojo hauna protini, sukari sawa. Akafungua kadi ya kliniki kuona kipimo cha HIV kilishafanyika, kwa sababu uso kupooza wakati mwingine huwa ni dalili ya mwanzo. Akaweka rangi kwenye jicho akamulika, akakuta michubuko midogo kwenye kioo cha jicho upande wa chini. Michubuko midogo. Siku mbili na nusu tu hizo! Akasema tungeleta wiki ijayo tungekuwa tunaongea habari ya kidonda na kovu, na kovu pale katikati ni uoni unapungua moja kwa moja.

Akaandika prednisolone miligramu 50 kwa siku, siku 10, pamoja na matone ya machozi bandia na dawa ya mafuta ya usiku. Akasisitiza ianze usiku uleule kwa sababu inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72 toka uso kupooza, na sisi tulikuwa kwenye saa ya 62. Mimi nikawaacha hapo nikawahi gari ya Muheza, nina zamu asubuhi.

Duka la dawa, saa 2 usiku. Muuzaji anasoma cheti, anamuangalia tumbo, anasema hii kwa mjamzito ni hatari siuzi. Na alisema kwa sauti mbele ya watu. Kaka akajaribu kumueleza, wifi akaanza kulia, wakanunua matone tu wakarudi nyumbani. Hawakunipigia wakijua nimechoka. Nimekuja kujua Jumatatu saa 3 asubuhi nilipouliza kameza vipi. Nikampigia daktari, daktari akampigia mtu mwingine, dozi ya kwanza ikamezwa saa 4, yani saa ya 77. Tulipitisha zile saa 72 kwa saa tano kwa sababu ya mtu aliyekuwa na nia njema na habari nusu.

Habari nzima ni hii. Prednisolone ni steroidi, na steroidi kweli siyo za kumeza hovyo, zinapandisha sukari na presha, mjamzito anayezitumia lazima apimwe. Lakini kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoivunja prednisolone, sehemu kubwa haifiki kwa mtoto, inayofika ni kidogo, kama sehemu moja ya kumi. Ndo maana mapafu ya mtoto njiti yakitakiwa kukomazwa kabla hajazaliwa mama anachomwa deksamethazoni, dawa ya ukoo uleule, kwa sababu hiyo inavuka. Hizi ni dawa mbili za familia moja zenye tabia tofauti na mjamzito yeyote anayekataliwa dirishani anastahili kuelezwa hivyo badala ya kutishwa.

Na inasaidia kiasi gani? Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Scotland ukatoka mwaka 2007. Waliopewa prednisolone mapema, baada ya miezi tisa 94 kati ya 100 walikuwa wamerudi sawa, ambao hawakupewa 82. Dawa ya virusi, asaikloviri, haikuongeza kitu. Lakini wajawazito hawakuingizwa kwenye ule utafiti, kwahiyo daktari anapompa mjamzito anapima mizani mwenyewe. Copenhagen nako walifuatilia wagonjwa kwa miaka mingi bila dawa yoyote, wakaona kama 71 kati ya 100 wanapona kabisa wenyewe. Hapo ndo ile kauli ya "itarudi yenyewe" inapopata nguvu na ukiitazama hivyo siyo uongo. Ila wale 29 wapo. Na wajawazito ambao uso umelala kabisa kama wa wifi, kupona kwao kunaonekana kuwa kugumu zaidi ya wengine, na sababu mojawapo inayoshukiwa ni hiyohiyo, kwamba wanacheleweshewa au wananyimwa dawa. Na kauli yenyewe inauzungumzia mshipa peke yake. Jicho halijatajwa humo, presha haijatajwa.

Vidonge vilikuwa vya miligramu 5, kwahiyo kumi kwa mpigo kila asubuhi baada ya chai. Anavipanga mezani anavihesabu anamuombea mtoto ndo anameza. Siku ya kwanza alinitumia picha ya vile vidonge kumi bila neno lolote.

Jicho sasa, ambalo ndilo lilikula muda na hela kuliko kitu kingine. Mchana matone kila saa na zaidi kama kuna upepo, kichupa kilikula karibu kipato cha siku mbili za bajaji ya kaka. Usiku anapaka mafuta, anashusha kope kwa mgongo wa kidole taratibu, kisha plasta ya karatasi kwa ulalo kushikilia. Kulifunga kwa pamba tu bila kushusha kope ni kosa kubwa, pamba inakuja kusugua kioo cha jicho usiku kucha. Wanja tuliuacha. Akitoka miwani, na Tanga kwa mavumbi na baiskeli na bajaji zisizo na milango miwani siyo urembo. Maziwa ya mama hatukumwekea tena, maziwa ni chakula hata cha vijidudu. Baada ya wiki moja michubuko ilikuwa imepona.

Wiki ya 37. Hapa nawaomba wakunga wenzangu msome taratibu. Kupooza uso kwenye mimba kumeonekana kuongozana na presha ya mimba zaidi ya inavyotegemewa, haina maana kila mwenye uso uliopooza atapata, ina maana apimwe mara kwa mara na kila anayemuona akumbuke. Kwahiyo toka siku ile tulikubaliana presha kila baada ya siku mbili tatu, hata kama siyo siku ya kliniki. Alikuwa 130 na kitu, 134, 138. Asubuhi moja anaamka kichwa kinauma, anaona maluweluwe. Mama akasema ni lile jicho na matone yake. Nyumba nzima ilikuwa imeshazoea kwamba kila kitu kinachomsumbua usoni ni ule ugonjwa, na hapo ndo hatari ilipo. Wifi mwenyewe ndiye aliyekataa, akafumba jicho bovu kwa mkono, akaona maluweluwe yapo hata kwa lile zima, akasema twende. Walimkuta 152 kwa 98, protini kwenye mkojo alama mbili. Akalazwa, akawekewa dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, akaanzishiwa uchungu, kesho yake saa 10 jioni akajifungua mtoto wa kike kilo 2.7. Wakati anasukuma, mkunga aliyekuwa naye alisimama kichwani na kitambaa chenye maji akilinda lile jicho. Nilimuuliza nani kamuelekeza akasema hakuna, nimeona tu halifumbi.

Kuna watu wakasema ni zile prednisolone ndo zimempandisha presha. Zilikuwa zimeisha zaidi ya wiki moja kabla. Siwezi kuapa kwamba hazikuchangia hata kidogo, lakini ukiweka pamoja mimba ya kwanza, mwisho wa mimba na uso wenyewe, mi naona presha ilikuwa njiani tayari.

Na kujifungua hakukuurudisha uso. Hii ilimvunja moyo kuliko yote kwa sababu aliahidiwa, ukijifungua itaondoka, akawa anahesabu siku. Katoka leba kaomba simu ajitazame. Mdomo uko palepale.

Arobaini ilimficha. Watu wanaingia kumtazama mtoto, yeye kajifunika khanga mpaka puani, hakuna anayehoji maana ni mzazi. Chakula kinabaki kwenye shavu la kushoto anakitoa kwa kidole, uji unachuruzika, akawa anakula peke yake chumbani mlango umefungwa. Arobaini ikaisha hakutaka kutoka. Akaanza kuvaa ninja. Kaka akafurahi, mama akafurahi, wakasema maashallah mwali kaongeza stara. Mimi nilimuuliza tukiwa wawili, wifi hii ni ya dini au ya mdomo? Akanyamaza muda mrefu akasema ya mdomo, na naona nimemdanganya Mungu. Tukakaa tukalia wote. Nikamuuliza na lingine, kwamba je kuna siku anaona bora asingekuwepo, akasema siku mbili tatu, za mwanzo. Hilo swali mkunga lazima aulize kwa sauti, mama aliyetoka kujifungua na uso umepinda anaweza kuzama huku nyumba nzima inamsifia kwa utulivu wake.

Lililokuwa linamuuma zaidi alilisema siku ile. Mtoto akifika wiki sita hivi anaanza kutabasamu akitabasamiwa. "Mimi nitamtabasamia na nini?" Sikuwa na jibu la kitabuni. Nilimwambia sauti yako anaijua toka tumboni, na jicho lako la kulia linacheka lote.

Dalili ya kwanza ya kurudi ilikuwa wiki ya tano toka apooze, mtoto ana wiki mbili. Pembe ya mdomo ilicheza kidogo kama mtu kaguswa na nzi. Mshipa wa fahamu ulioharibika unaota kwa kama milimita moja kwa siku, ndo maana kwa aliyepooza kabisa miezi inakwenda. Ingefika miezi mitatu minne hakuna kilichosogea, ingebidi atafutwe sababu nyingine kwa picha za kichwa. Kwenye mazoezi tiba alifundishwa kufanya taratibu mbele ya kioo, kidogo, mara chache kwa siku, bila kukamua. Kutafuna bigijii kwa nguvu kama alivyoshauriwa na watu aliambiwa aache, na mashine za kushtua misuli kwa umeme pia, kwa sababu mshipa unaoota ukilazimishwa unaweza kushika njia zisizo zake.

Mazoezi yake ya sauti alijichagulia mwenyewe. Yeye ni wa chekechea, na ukitaka kujua mdomo umeharibika kiasi gani fundisha herufi. A e i o u hana shida. Ba be bi bo bu upepo unamtoka pembeni. Pa pe pi po pu mate. Ma me mi mo mu inakuwa kama anaimba puani. Zile zote zinazotaka midomo ikutane zilimkataa, na hebu fikiria maneno ya mtoto mchanga yanaanza na zipi, mama na baba. Akawa anamshika mtoto mapajani mbele ya kioo anamsomea silabi, saa nzima, huku kashikilia shavu la kushoto kwa kiganja liinuke. Mtoto alitabasamu akiwa na wiki saba, kwenye ma me mi. Wifi alinipigia usiku nikiwa zamu, hakuongea, niliisikia tu pumzi yake na kaka nyuma anasema mwambie, mwambie.

Alirudi kazini siku zake 84 zilipoisha, miezi minne toka apooze. Mdomo umerudi zaidi ya nusu, jicho linafumba akilazimisha. Ninja aliivua mwenyewe asubuhi ile, akasema siku nikivaa tena itakuwa ya kweli. Mtoto mmoja wa darasa akamuuliza mwalimu mbona unanikonyeza, kwa sababu akisema "pa" jicho linajifunga. Akajibu, mwalimu aliumwa uso, sasa hivi jicho na mdomo vinafanya mazoezi pamoja. Darasa zima likaanza kukonyeza kwenye pa pe pi. Anasema alicheka, na kicheko kilikuwa cha pande mbili.

Leo ni mwezi wa nane toka apooze. Paji la kushoto linakunja lakini siyo sawa na la kulia. Akila embe, jicho la kushoto linapungua na linatoa chozi, ile ni mishipa iliyoota ikashika njia ya jirani, na inawezekana ikabaki. Kwenye picha bado anageuza shingo. Mwenyewe ukimuuliza anasema amepona, mimi naandika sehemu kubwa.

Wiki iliyopita kaniuliza akibeba mimba nyingine itarudi? Kwa wengi haijirudii, inawarudia chini ya mmoja kati ya kumi, na inaweza kuja upande wowote. Kinachonisumbua zaidi mimi ni presha, hiyo ina tabia ya kurudi kuliko uso. Nikamwambia safari ijayo aanze kliniki mapema kabisa, ndani ya wiki 12, ili daktari aamue kuhusu aspirini ya dozi ndogo inayotolewa kwa waliowahi kupata kifafa cha mimba au dalili zake. Kisha nikachukua kadi yake ya zamani, ukurasa wa mbele, nikaandika kwa wino mwekundu: uso ulipooza kushoto wiki ya 34, presha na protini wiki ya 37, jicho lilichubuka. Akaisoma, akachukua kalamu, akaongeza chini kwa mwandiko wake wa ubaoni: nipimeni presha hata kama siyo siku yangu.